Mtoto mwenye ulemavu na shule ya mtaani

Hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, wazazi bado huambiana kuwa mtoto mwenye ulemavu lazima asubiri nafasi ya shule maalumu ya bweni. Si kweli. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka asome shule ya kawaida, isipokuwa anapohitaji mawasiliano maalumu, kama lugha ya alama.

Chukua mtoto mwenye ualbino. Mara nyingi haoni vizuri vitu vya mbali, basi akae dawati la mbele, mgongo kwenye dirisha, aruhusiwe kusogea hadi ubaoni, na avae kofia pana wakati wa mapumziko. Hayo yote yanawezekana shule ya jirani. Inaniuma kuona mtoto anapoteza mwaka nyumbani kwa kusubiri. Siku ya kumwandikisha, mweleze mwalimu mtoto anaona hadi wapi.