Ulingo wa mieleka si godoro

Kuna ujumbe unaozunguka miaka nenda rudi kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: eti mieleka ya kwenye TV ni maigizo matupu, ulingo ni godoro, damu ni tomato, hakuna anayeumia.

Nusu yake ni kweli, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mshindi hupangwa kabla. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka Marekani ilikiri mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba ni burudani. Lakini kilichopangwa ni matokeo, siyo maumivu. Chini ya turubai la ulingo kuna sponji nyembamba, kisha mbao, kisha vyuma. Damu nayo mara nyingi ni ya mtu mwenyewe, aliyejichana paji la uso kwa kipande cha wembe.

Unataka kuhakikisha? Tafuta video za mafundi wakifunga ulingo. Au tazama wanafunzi wa mieleka: kabla ya mbwembwe zozote hufundishwa kuanguka, kidevu kifuani, mgongo na mikono vitue pamoja ili kichwa kipone. Mimi hufurahia mazoezi hayo kuliko hata mapambano yenyewe.

Watoto wanaotoka kutazama mieleka kwenye kibanda umiza, banda la kuonyesha video, cha Kirumba hapa Mwanza kwenda kubwagana mchangani ziwani hawajafundishwa hivyo. Kwa hiyo ujumbe huo ukikufikia tena, ndugu yangu, usiusambaze.