Kazi ya Ndoto katika Kutuliza Hisia za Mchana

Mtu aliyegombana na mwenzake jioni huweza kuamka asubuhi akikumbuka kila neno lililosemwa, lakini kifua hakimbani tena kama alivyojitupa nacho kitandani. Kupoa huko kwa hasira hutokana kwa kiasi fulani na kazi ambayo ubongo huifanya tunapoota.

Ndoto zilizo dhahiri zaidi hutokea katika hatua ya usingizi iliyoelezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Ukimtazama kwa makini aliyelala, utaona macho yakienda huku na huko chini ya kope zilizofumba, ilhali mikono na miguu imelegea kabisa. Hatua hii hurudi kila baada ya dakika 90 hivi na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia, kwa hiyo anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi hujinyima sehemu kubwa ya ndoto zake.

Wakati huo amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, huchangamka mno, lakini noradrenalini, kemikali inayotuweka katika tahadhari, hushuka sana. Watafiti kama Matthew Walker wanaeleza kwamba ubongo hupata hapo nafasi ya kulipitia tukio chungu bila mwili kushtuka, kumbukumbu ikabaki na uchungu ukapungua. Maelezo hayo bado yanajadiliwa. Binafsi huyapa uzito zaidi ninapokumbuka kazi ya mwanasaikolojia Rosalind Cartwright, aliyewalaza katika maabara watu waliokuwa wakiachana na wenzi wao, akawaamsha katikati ya ndoto na kuwauliza wameota nini. Miongoni mwa waliokuwa na sonona, walioota kuhusu watalaka wao walielekea zaidi kupata nafuu baadaye. Kumwota mtu unayetaka kumsahau, basi, si lazima iwe dalili mbaya, wala si lazima awe amekuendea kwa mganga.

Jinamizi linalorudi vilevile kila usiku ni jambo jingine, kwani mwotaji hushtuka kabla kazi haijakamilika. Mojawapo ya tiba ni mgonjwa kuiandika ndoto hiyo mchana, kuibadilisha apendavyo, kisha kuirudia akilini kila siku kwa dakika chache: aliyekuwa akikimbizwa hadi ukingoni mwa korongo huandika kwamba aligeuka, akaukuta mlango wa nyumba ya bibi yake uko wazi.