Konokono, mkondo wa maji na kichocho: maswali kutoka mwaloni

Swali: Mwaloni kwetu maji ni maangavu, unaona hadi mchanga. Kichocho kitatoka wapi?

Jibu: Uangavu haukuambii kitu. Tazama kama maji yanatembea. Konokono anayebeba vijidudu vya kichocho hujishikiza kwa mguu laini, na mkondo ukizidi takribani sentimita 30 kwa sekunde humng'oa. Kwa hiyo utamkuta penye utulivu: kwenye matete, chini ya magugu maji, ubavuni mwa mtumbwi mbovu uliotelekezwa. Mtoni, dondosha jani. Likitumia zaidi ya sekunde 3 kumaliza mita 1, hapo anaweza kuishi.

Swali: Basi nioge penye kasi?

Jibu: Usikimbilie. Konokono mwenyewe haumi. Mgonjwa akijisaidia majini, mayai huanguliwa, vijidudu vikaingia ndani ya konokono, na wiki kadhaa baadaye hutoka vingine kwa maelfu, vikitafuta ngozi ya mtu viingie na kukua kuwa minyoo. Mkondo unaweza kuvibeba kutoka dimbwi la juu hadi ulipo wewe. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zilezile akina mama wanafua na watoto wanapiga mbizi. (Maji ya kasi nayo yana mdudu wake: inzi wadogo wanaoeneza usubi, ugonjwa unaoweza kupofusha, kama kule Mahenge mkoani Morogoro, huzaliana humo.)

Swali: Kwimba hatuna ziwa, mbona watoto wanakojoa damu?

Jibu: Hicho ni kichocho cha mkojo, na konokono wake ni wengine. Wanapenda malambo na majaruba ya mpunga. Kiangazi hujizika kwenye tope. Mvua ikirudi, nao wanarudi. Ufukweni tunasumbuliwa zaidi na kile cha tumbo, kinachotoa damu kwenye choo na kuharibu ini polepole.

Swali: Maji ya kuoga tunateka ziwani. Tufanyeje?

Jibu: Yaache siku 2 kwenye ndoo yenye mfuniko, isiyo na konokono. Vijidudu vitakufa vyenyewe. Ya kunywa bado yachemshe.

Swali: Mwanangu alimeza dawa shuleni mwaka jana. Bado ana kinga?

Jibu: Hapana. Prazikwanteli, dawa hiyo ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, haizuii mipya kuingia. Ile michanga nayo mara nyingi huponyoka. Akirudi kuogelea kesho yake anaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo akilalamika tumbo au ukiona damu, mpeleke zahanati apimwe choo na mkojo.