LSD, loku au ubaki na difu ya kawaida? Neno kwa wenye Hilux za kila siku

Wakuu, mvua zikianza huku Iringa mwezi wa 12 mpaka zikate mwezi wa 4, gereji kwangu swali ni lile lile: "Fundi nifungie loku nyuma, nimechoka kukwama." Loku ni kile cha kufunga difu, lile boksi la gia kwenye ekseli linalogawia tairi nguvu, ili tairi zote mbili zizunguke pamoja. Na anayeuliza unakuta ana Hilux ya kwendea kazini, inapeleka watoto shule, Jumamosi inapanda Kilolo kuchukua viazi. Huwa namuuliza, kwa mwezi unakwama mara ngapi? Anajikuna kichwa, mara moja, zikizidi mbili. Sasa hiyo difu unayoitaka utaishi nayo siku zote zilizobaki kwenye lami, kwenye kona za Kitonga ukiwa na mzigo, kwenye parking ya benki, na ndo hapo watu wanapochemka kuchagua.

Tuelewane kwanza. Difu ya kawaida inaruhusu tairi mbili za nyuma zizunguke kwa spidi tofauti ukikata kona, hiyo safi. Shida yake inagawa nguvu nusu kwa nusu, kwa hiyo tairi ya kushoto ikikalia utelezi inahitaji nguvu kidogo tu kuzunguka, na kiasi hicho hicho kidogo ndo kinaenda kwa ya kulia iliyoko pakavu, haitoshi kusukuma gari. Moja inachimba shimo, nyingine imetulia kama mgeni aliyeambiwa asubiri chai. Ukikanyaga mafuta zaidi unachimba zaidi, basi.

Kabla hujatoa hela jaribu hii: gia ndogo, vuta hendibreki meno mawili matatu, mafuta taratibu. Hilux nyingi hendibreki inashika dramu za nyuma, inaibana ile tairi inayokimbia, na nguvu inalazimika kupanda na kwa mwenzake. Nishawatoa watu wengi matopeni kwa njia hii na wakataka kunilipa.

Haya, LSD, yaani limited-slip, difu inayozuia tairi moja isikimbie peke yake. Ya kawaida tunayoiona kwenye Toyota ina pleti za klachi ndani, zimebanwa na springi, tairi moja ikitaka kukimbia pleti zinaishika. Kwenye barabara ya vumbi na lami yenye maji ni tamu sana, huisikii hata kama ipo. Ila pleti zinaisha, na zikiisha inarudi kuwa difu ya kawaida kimya kimya, hamna taa itakayowaka kwenye dashibodi. Kwa hiyo ukienda Gerezani pale Dar ukaambiwa "hii LSD kutoka Japani" usishangilie, inaweza kuwa LSD jina tu.

Alafu kuna za gia tupu, Torsen, au Truetrac ya Eaton. Humo hamna pleti, ni gia za mshazari zinazojibana zenyewe nguvu ikizidi upande mmoja. Mimi kwa pikapu ya kila siku ndo napenda hii, ukishafunga unaisahau. Udhaifu wake, tairi moja ikining'inia hewani kabisa inakuwa karibu sawa na ya kawaida, hapo gusa breki kidogo huku unakanyaga mafuta itashika. Na usiiwekee ile dawa ya LSD kwenye oili ukidhani unaipenda, haiihitaji na inaipunguzia kushika, Eaton wenyewe wanasema hivyo.

Loku za kujifunga zenyewe, Detroit Locker na ndugu zake, sifungi kwenye gari ya familia. Kona zinapiga "ka!", usukani unavutwa, tairi zinalika, na kukiwa na mvua na bodi tupu nyuma inaweza kukutupa. Nimeshakataa hela ya mtu kwa hilo, akaenda kufunga kwingine, sawa.

Loku ya swichi ni habari nyingine. ARB ya Australia inatumia upepo wa kompresa, na Hilux na Land Cruiser kadhaa zinatoka kiwandani na loku ya nyuma ya umeme. Ukiizima ni difu ya kawaida, ukiiwasha ekseli ya kushoto na ya kulia zinakuwa kitu kimoja. Kama yako imekuja nayo usinunue chochote. Iwashe tu kwenye utelezi, chini ya 8 km/h kama Toyota wanavyoelekeza, ukitoka zima. Na iwashe walau mara moja kwa mwezi sehemu ya udongo, maana nyingi nazofungua mota imeganda kutu sababu mwenye gari alikuwa "anaitunza".

Ukinunua difu zima la mtumba kwa ajili ya 4x4 hakikisha reshio yake (uwiano wa meno ya gia za difu) ni sawa na ya mbele. Zikitofautiana, siku unaingiza 4WD mbele na nyuma zinagombana na kitu kitakatika. Soma kile kibati chenye namba ya chasisi, pameandikwa A/TM, namba ya aina ya ekseli iko hapo, alafu hesabu meno ya krauni na piniani, gia kubwa na ndogo ya difu, kwa macho yako, usihesabiwe.

Oili sasa, na hapa nakiri kosa. Miaka ya nyuma nilimwekea mteja oili ya kawaida namba 140 kwenye LSD ya pleti. Baada ya wiki karudi, kila akikata kona kali nyuma inatetemeka na kunguruma kama lori bovu. Nikamwaga, nikaweka GL-5 85W-90 ya LSD, nikaenda nayo uwanjani nikazungusha namba nane kama kumi hivi ili oili iingie kwenye pleti, kelele ikaisha. Toka hapo LSD ya pleti nabadilisha oili kila 20,000 km, na gari ikizama mtoni mpaka kwenye ekseli nafungua siku hiyo hiyo. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia. Fungua nati ya kujazia kwanza kabla ya ile ya kumwagia, ya juu ikigoma umeshamwaga, gari inalala hapo. Kakipumulio ka ekseli nako kasafishe, kakiziba presha inasukuma oili kwenye sili mpaka kwenye viatu vya breki.

Tairi za nyuma ziwe saizi moja na zimelika sawa. Mpya kushoto, kipara kulia, LSD inafanya kazi safari nzima mpaka inajiunguza.

Kujua kama LSD yako ya pleti bado hai, nyanyua tairi zote mbili za nyuma, gari nyutro, za mbele zizuie zisitembee, zungusha moja ya nyuma kwa mkono. Nyingine ikifuata upande ule ule bado inabana, ikirudi kinyume imekwisha au haikuwepo. Injini usiwashe tairi moja ikiwa chini. Dogo wangu wa gereji aliwasha akatia gia asikilize beringi, ile iliyoko chini ikashika, Hilux ikaruka jeki ikaenda kugonga benchi la vifaa, yeye alikuwa amesogea hatua mbili tu kuchukua tochi. Siku hizi LSD ikiwa juu ya jeki, funguo inakaa mfukoni kwangu.