Kwa nini simu inalia lakini kioo kipya ni giza?

Simu imetoka kwa fundi na kioo kipya. Ukiipigia inalia na kutetema, ila usoni giza tupu. Kabla ya kurudisha kioo dukani, jua kwamba mara nyingi kosa lilifanyika wakati wa kutoa kile cha zamani.

Washa tochi, mulika kioo kwa pembeni. Kama ni LCD (aina ya kioo kinachomulikwa na taa iliyo nyuma yake) na picha inaonekana kwa mbali, taa hiyo ya nyuma imekufa. Hutokea flexi ya kioo (utepe mwembamba wa nyaya unaokiunga na bodi ya simu) ikichomolewa au kuchomekwa huku betri ingali imeungwa: taa hiyo hutumia volti nyingi kuliko za betri, na soketi ikikaa upande, umeme hurukia pini ya jirani, fyuzi ikaungua. Pima fyuzi hiyo kwenye bodi kwa mita iliyowekwa kwenye mlio, isipolia, badilisha. Kubadilisha kioo cha tatu hakutasaidia. (OLED, aina ya kioo kinachotoa mwanga chenyewe, haina taa ya nyuma, kwa hiyo tochi haikwambii kitu.)

Hakuna hata kivuli? Toa betri kwanza, kisha kandamiza soketi upya. Kwa fundi wa Ngamiani, Tanga, au popote pwani, akague na kutu ya kijani kwenye pini: brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, iachwe ikauke.

Flexi iliyochanika ni habari nyingine. iPhone 6s huinuliwa kuanzia chini kwa sababu flexi ziko juu. iPhone 7 na 8 huinuliwa kuanzia kushoto, flexi ziko kulia. Ukivuta kinyume, umekata. Ikikatika ya kioo, ni kununua kioo kingine. Ikikatika ya kitufe cha alama ya kidole, hasara ni kubwa zaidi: kitufe kimeoanishwa na bodi kiwandani, kingine akikiweka fundi wa kawaida hakitasoma kidole.

Chanzo cha mengi ni haraka. Pasha ukingo hadi nyuzi 70 au 80, gundi ilegee yenyewe, na kadi ya plastiki ya kufungulia isizidi milimita 3 ndani. Kioo kilichopasuka kifunike kwanza kwa selotepu pana.

Kabla ya gundi mpya, unga vyote, washa, kisha shika alama ya programu moja uiburute kila pembe ya kioo. Inapodondoka, tachi hapo haisomi.