Namba E si umri wa gari: dhana zinazotugharimu kwenye Vitz, IST na wenzao

Ingia yadi yoyote ya Dar es Salaam useme unatafuta gari dogo la kuanzia maisha. Kabla hujaulizwa una shilingi ngapi utatajiwa namba: "Hii namba E bosi, bado mpya kabisa." Tuanze na hiyo, maana ndiyo inayokula hela za watu wengi kuliko zote.

"Namba E ni gari jipya"

Herufi ile kwenye namba ya usajili inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. IST iliyotoka kiwandani mwaka 2004, ikatembea Japani miaka yote hiyo na kushushwa bandarini juzi, inapewa namba ya juzi. Jirani yake wa namba D anaweza kuwa ametengenezwa 2008, akawahi tu kufika nchini. Wa kwanza anauzwa ghali zaidi, na mnunuzi anaondoka akichekelea.

Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya gari. Usiishie hapo. Vuta mkanda wa siti ya dereva mpaka mwisho. Karibu na sakafu mara nyingi pameshonwa kitambaa kidogo cha lebo chenye tarehe ya kutengenezwa mkanda. Kama kadi inasema 2005 na mkanda unasema 2011, uliza kwa nini ulibadilishwa. Mikanda ya magari haya ya Kijapani hujikaza yenyewe gari linapogonga, na ikishafanya kazi hiyo mara moja hubadilishwa. Muuzaji akianza kukuambia habari za rangi nzuri ya siti, umeshapata jibu.

"Injini ndogo, mafuta kidogo"

Ni kweli kwa sharti. Vitz ya KSP90 (ndivyo namba yake ya chesisi inavyoanza) ina mashine ya 1KR: cc 996, silinda tatu, nguvu za farasi 71. IST ya NCP61 ina 1NZ ya cc 1,500, yenye nguvu zaidi ya 100. Mtu mmoja anayetoka Mbezi kwenda Posta kila siku, Vitz inamshinda IST bila ubishi. Pakia watu wazima wanne, mchele gunia moja kwenye buti, AC imewashwa, halafu panda mlima Kitonga. Pale injini ndogo inanguruma pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini, na ile nafuu ya mafuta inayeyuka. Kwa safari za namna hiyo injini ya lita 1.3 au 1.5 haichoki sana, na inakunywa karibu sawa na ile ndogo.

Zile namba za "kilomita 20 na zaidi kwa lita" zinazobandikwa kwenye matangazo zimetoka kwenye kipimo cha Kijapani kilichoitwa 10-15, gari likizungushwa magurudumu juu ya mitambo ndani ya maabara. Wajapani wenyewe walikiacha na kuhamia JC08, kipimo kilicho karibu zaidi na hali halisi. Foleni ya Ubungo haimo kwenye vipimo vyote viwili.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Vitz ya 1.0 na Passo ya 1.0 zionekane rahisi: kodi. Kwa utaratibu wa TRA, injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa ukubwa wa injini, na kuanzia cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Halafu gari likivuka miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likivuka 10 unapanda tena. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ya bei kati ya Passo na IST pale yadi imetoka bandarini. Haipimi ubora wa gari lolote.

"Oto ni oto, mwaga oili yoyote ya gia"

Hapa ndipo magari madogo yanapofia. IST ya kwanza (2002 hadi 2007) na Passo ya kwanza zina gia boksi ya oto ya kawaida, gia nne. Vitz nyingi za 1.3 za kuanzia 2005, IST nyingi za toleo la pili na Passo ya kuanzia 2010 zina CVT. Ndani ya CVT hakuna gia za kupanda na kushuka: kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake ndiyo inayousaidia ushike bila kuteleza. Ukimwaga oili ya oto ya kawaida, mkanda unateleza, chuma kinasagana na chuma, na baada ya muda gari linavuma bila kwenda. Fundi anakwambia CVT ni mbovu. CVT haikuwa mbovu, ililishwa chakula cha mwingine.

Kwa Toyota huhitaji kubahatisha. Fungua boneti, tafuta kibati chenye namba ya chesisi, soma mahali palipoandikwa TRANS/AXLE. Herufi ya kwanza ikiwa K, kama K410, hiyo ni CVT. Ikiwa U, kama U340E, ni oto ya kawaida. Kipige picha kibati hicho na umwonyeshe fundi kabla hajafungua kopo. Honda Fit ya CVT nayo ina oili yake, HMMF, na Nissan wana yao.

"Toyota tu, nyingine spea hakuna"

Nusu ya hii ni kweli, na sababu yake ni nzuri kuliko watu wanavyoisema. Mashine ya 1NZ imefungwa kwenye Vitz ya 1.5, IST, Raum, Ractis, Porte, Sienta, Probox na Corolla Axio ya 1.5. Kila Probox inayokatwa eneo la Gerezani, Dar, ni ghala la spea za IST yako. Ndiyo maana 1NZ haikosi kitu, na ndiyo maana IST haishuki bei haraka.

Lakini vuka mpaka uende Nairobi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo soko lao limejaa Mazda Demio, Nissan Note na Honda Fit, na spea zake zinauzwa Kirinyaga Road kama karanga. Demio ile ile ambayo Dar dalali anaikunjia uso, iliyopata tuzo ya gari bora la mwaka duniani 2008, kule ni gari la kazi. Spea hufuata wingi wa magari barabarani.

Honda Fit ya kwanza imechafuliwa jina kwa jambo dogo zaidi. Injini yake ya 1.3 ya i-DSI ina plagi nane, mbili kwa kila silinda. Nne ziko mbele, mkono unafika. Nne ziko nyuma, chini ya plastiki ya waipa, na kuzifikia kunahitaji kufungua vitu. Fundi mwenye haraka anabadilisha nne za mbele, analipwa, gari linaendelea kumisi. Mwenye gari anakwenda kusema Honda zinasumbua.

"Ukinunua tu, badilisha timing belt"

Mashine za 1NZ, 2NZ, 2SZ na 1KR zote zina cheni badala ya mkanda huo. Mkanda utakaoonyeshwa pale mbele ni wa alternata.

"Lina airbag, niko salama"

Hapa sicheki. Magari haya mengi yametoka wakati airbag nyingi zilipokuwa zikitengenezwa na Takata, kampuni ya Kijapani iliyofilisika 2017 baada ya urejeshaji wa magari (kuitwa yarudi yarekebishwe) mkubwa kuliko wote katika historia. Kemikali iliyotumika kuufumua mfuko, amonia naitreti, huharibika taratibu kwa joto na unyevu. Ikishaharibika, airbag inapolipuka inapasua kikopo chake cha chuma na kurusha vipande usoni kwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Dar, Mombasa na Unguja mwaka mzima. Vitz na Fit za miaka hiyo zimo kwenye orodha za kurejeshwa.

Japani matengenezo hayo ni bure, ila gari lililoondoka kabla ya kufanyiwa lilikuja huku na airbag ile ile. Tovuti za watengenezaji za Japani zinaruhusu kuingiza namba ya chesisi na kuona kama kazi ilifanyika. Ni za Kijapani, lakini simu inatafsiri.

Kingine ni cha sekunde chache. Washa swichi bila kupiga stata, tazama taa ya SRS, yaani ya airbag, kwenye dashibodi. Inapaswa kuwaka kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu amechomoa au kuziba balbu ili usijue airbag zilishalipuka.

"Dogo jipya la dukani ni salama kuliko mtumba"

Si lazima. Datsun GO+ iliyouzwa mpya Afrika Kusini ilipata nyota moja kwenye majaribio ya kugongesha magari ya shirika la Global NCAP ya 2017, na Suzuki S-Presso ya India ikapata sifuri mwaka 2020. Toyota Yaris, yaani Vitz ya 2005 kwa jina la Ulaya, ilipata nyota tano za Euro NCAP mwaka huo huo. Mizani hizo si moja, na Vitz ya Japani inaweza kukosa airbag za pembeni za ile ya Ulaya, hivyo usizilinganishe nyota kwa nyota. Bodi ni ya familia ile ile, ila bodi hiyo ikishagongwa na kunyooshwa gereji, nyota zile hazilihusu tena gari unaloonyeshwa. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, angalia kama bati la chini lina mikunjo au kulehemu kusiko kwa kiwandani.