Maneno hupitia kwa dada mkubwa

Nikifundisha mawasiliano ya kifamilia na kufika kaskazini mwa India, wanafunzi hushangazwa na jambo moja. Kijana wa miaka 25, mwenye kazi na mshahara wake, hamwiti dada yake mkubwa kwa jina. Ni didi. Kaka mkubwa naye ni bhaiya. Anayeitwa kwa jina ni mdogo tu. Wengi hudhani ndugu wa namna hii hawataniani wala hawaambiani siri. Mimi naona kinyume chake.

Ukubwa una kazi yake: kuwasemea wadogo mbele ya wazazi. Tuseme kijana amempenda binti wa tabaka jingine. Kumkabili baba hawezi. Anaanza na didi, usiku, kwenye simu. Didi anampigia mama, naye anaanzia mbali: anaulizia presha, bei ya vitunguu, harusi ya jirani, ndipo anadokeza kwamba mdogo wake ana "rafiki". Mama ndiye anayejua lipi limfikie baba, na lini. Kijana hajafungua kinywa, na nyumba nzima inajua.

Siku hizi kazi hiyo imehamia WhatsApp. Kuna kundi la familia nzima, lenye salamu za asubuhi na picha za miungu, na kuna jingine la ndugu peke yao, ambalo wazazi hawamo. Ya kweli yako huko. Binamu nao humo, kwa kuwa mtoto wa shangazi au mjomba huhesabiwa kaka au dada. (Anayebeba siri za wote humo, zake humwambia nani? Hilo halimshughulishi mtu.)

Lakini kuna jambo ambalo hata kundi hilo hulikwepa: mali ya baba.

Kila mwaka, mwezi mpevu wa Shravan, mwezi wa kalenda ya Kihindu, aghalabu Agosti, ni sikukuu ya Raksha Bandhan. Dada humfunga kaka uzi wa rakhi mkononi, kaka humpa zawadi na kuahidi kumlinda. Aliye mbali huutuma kwa posta. Kisheria, tangu marekebisho ya mwaka 2005, binti wa Kihindu ana haki sawa na kaka yake katika mali ya ukoo, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu kabisa ya India ilisema haki hiyo ni ya kuzaliwa, hata kama baba alifariki kabla ya sheria kubadilishwa. Hata hivyo, katika jimbo la Rajasthan kuna desturi ya haq tyag: dada hutia saini kuwaachia kaka zake fungu lake.

Si kwamba hajui haki yake. Baada ya wazazi kufariki, nyumba ya kaka ndiyo kwao. Ndoa ikimshinda, atarudi huko. Akidai shamba, huenda akafungiwa mlango. Kwa hiyo anatuma rakhi, anaulizia watoto, na la shamba analinyamazia. Kaka huuchukua ukimya huo kuwa ridhaa, nami sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu mara nyingi karatasi hiyo huletwa baada ya msiba, jamaa wamekusanyika, na hakuna dada anayetaka kuonekana mroho mbele yao.